UZI: Usimamizi wa washauri nasaha si kukagua faili. Saa moja na mshauri wako inatumikaje?

MwalimuSection58 (Nakuru)

Habari zenu wanajukwaa. Uzi huu ni wa washauri nasaha, maafisa wa ustawi wa jamii na wale wanaowasimamia, kuanzia Naivasha hadi Busia.

Kila mwezi kuna kikao kinachoitwa supavisheni. Mshauri analeta daftari, msimamizi anahesabu wateja, anauliza mbona ripoti imechelewa, anasahihisha tarehe, chai inaletwa, sahihi inatiwa. Huo ni ukaguzi, na una mahali pake. Lakini mteja aliyesema juzi kwamba amechoka kuishi hakutajwa hata mara moja.

Brigid Proctor, Mwingereza aliyeandika kuhusu usimamizi wa washauri, aliipa kazi ya msimamizi mafungu matatu: kulinda kanuni, kumjenga mshauri kiujuzi, na kumrudishia nguvu. Alfred Kadushin, aliyewaandikia watu wa ustawi wa jamii, ana utatu wake unaokaribiana na huo: utawala, elimu na tegemeo. Kwetu fungu la kwanza limeyameza mengine. Mfadhili anataka takwimu, takwimu zina siku ya mwisho, na uchovu wa mshauri hauna siku ya mwisho, basi unaahirishwa.

Kikao cha dakika 60 kinaweza kwenda hivi. Dakika 5 za mwanzo: hali ya mshauri, na swali moja lisilorukwa, "kuna hatari yoyote tangu tuonane?" Mteja anayetaka kufa, mtoto anayeumizwa, mke aliyetishwa kwa panga, hayo yanatangulia hata kama mshauri alikuja na ajenda nyingine. Dakika 5 za kurudia maamuzi ya mara iliyopita: yalifanyika, hayakufanyika, kwa nini. Dakika 35 kwa kesi moja, zikizidi mbili. Dakika 10 za kujaribu kwa vitendo. Dakika 5 za kuandika mkiwa bado mmekaa pamoja, si jioni kwenye matatu.

Kesi iletwe na swali. "Nataka tuongee kuhusu yule mama wa mapacha" hilo si swali. "Kila nikimgusia mumewe anachukua simu na kuangalia saa. Dakika ile nifanye nini?" Hapo kuna cha kushika. Bila swali, mshauri atasimulia maisha ya mteja tangu darasa la nne, nusu saa inaisha, na yeye mwenyewe hajaonekana ndani ya simulizi.

Kwenye vitendo, msimamizi akae kiti cha mteja na mshauri aseme maneno yenyewe. Si "ningemwuliza kama anajisikia vibaya." Amwulize! Dakika 4, simama, badilisha sentensi moja, rudia. Wengi wetu tunajua la kufanya, ila mdomo haujawahi kulitamka.

NyarKondele (Kisumu)

Mwalimu, umepita juu ya jambo zito. Msimamizi akiwa ndiye bosi anayeamua mkataba utaongezwa au la, nani atamwambia ukweli? Mshauri ataleta kesi zilizofaulu tu. Hapa Kisumu mashirika mengi ni hivyo, mtu mmoja ana kofia tatu.

AfisaWaUstawi (Kakamega)

Dada yangu NyarKondele amegusa penyewe. Nicholas Ladany na wenzake walichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya mambo ambayo wanagenzi wa ushauri huwaficha wasimamizi wao, na karibu wote walikiri kuna walichoficha. Hao walikuwa Marekani, na si lazima bosi awe mkali. Basi ongeza juu yake mkataba wa miezi 6 ambao bosi ndiye anautia sahihi.

Dawa bora ni kutenganisha: bosi abaki na likizo, takwimu na nidhamu, na mtu wa nje ya mnyororo huo ashike kesi. Pesa ikikosekana, mashirika mawili yabadilishane wasimamizi. Wa Kakamega asimamie wa Mumias, wa Mumias asimamie wa Kakamega. Gharama ni nauli.

Hilo nalo likishindikana, kofia mbili zibaki ila kwa maandishi. Mapatano ya usimamizi ukurasa mmoja unatosha, mradi uwe na haya: mnakutana mara ngapi na kwa muda gani, kikao kikiahirishwa kinarudishwa lini, nini kinabaki kati yenu na nini kitapanda kwa uongozi, nani anapigiwa simu usiku, maandishi ya kikao yanawekwa wapi, na msipoelewana mnampelekea nani. Kipengele cha nini kitapanda ndicho watu hukiandika kwa ukungu. Kiandikwe wazi: hatari kwa maisha, dhuluma kwa mtoto, uhusiano wa kimapenzi na mteja, kuja kazini umelewa, kughushi rekodi. Kosa la kawaida la ujuzi halipandi, linarekebishwa hapo hapo. Mshauri akijua mpaka uko wapi, ataleta yaliyo ndani ya mpaka.

Kikao cha kesi na kikao cha utawala visiwe siku moja. Vikiwa siku moja, takwimu zitaanza na kesi itapewa makombo.

Mwanagenzi_Maseno

Nashukuru sana walimu wangu. Naomba kuuliza. Wateja wanaongea Dholuo, faili inaandikwa Kiingereza, na msimamizi ni mtu wa Nakuru, tunaongea naye Kiswahili. Anataka rekodi ya sauti. Hata nikimpa, atasikia nini?

JaNyalenda

Swali hili lingestahili uzi wake.

Kumbuka kwanza kwamba faili si kikao. Faili ni tafsiri ya kumbukumbu ya kikao, na kila hatua imedondosha kitu njiani. Mteja anasema "chunya lit." Neno kwa neno, moyo unauma. Mshauri mwenye haraka anaandika maumivu ya moyo, anayesoma faili anafikiria kifua, na huzuni iliyosemwa waziwazi imepotea kwenye karatasi. Anasema "paro mang'eny", mawazo mengi, na faili inasema mteja ana msongo. Mawazo yapi? Ya deni, ya marehemu, au yale ya saa 9 usiku yasiyomwacha alale? Neno msongo limefunga mlango kabla ya kuuliza.

Njia inayofanya kazi ni hii. Usipeleke rekodi nzima. Chagua dakika 5, na uchague zile ulizokwama, si zile ulizong'ara. Ziandike neno kwa neno kwa lugha ya mteja, pamoja na vicheko na ukimya, na ukimya uuandikie sekunde. Chora safu tatu: maneno yalivyosemwa, Kiswahili chake, na ulichowaza au kuhisi wakati huo bila kukisema. Dakika 5 za maongezi zitakula saa nzima ya kuandika, kwa hiyo ni kesi moja kwa mwezi, si kila kesi.

Halafu msimamizi asiyejua Dholuo acheze rekodi huku anasoma safu. Ataisikia sauti hata asipojua maneno: nani anaongea zaidi, nani anamkatiza nani, sauti inashuka wapi. Anasimamisha na kuuliza, "Hapa uliwaza nini ambacho hukumwambia?" Mtindo huo wa kusimamisha kanda ulianzishwa na Norman Kagan, mwanasaikolojia wa Marekani, naye alikuwa anamwachia mshauri kitufe, yaani mshauri ndiye anayeamua wapi pasimamishwe. Msimamizi akinyakua kitufe, kikao kinakuwa mahakama.

Mteja akihama lugha katikati, weka alama. Anaanza kwa Kiswahili cha heshima, akifika penye kilio anaingia lugha ya mama, au kinyume chake: jambo la aibu analisema kwa Kiingereza kwa sababu kwa Dholuo haliwezi kutamkika mbele ya mtu wa umri ule. Hapo pana kazi ya kikao kizima.

Tena kuna chira. Mteja anakonda, anasema ni chira kwa sababu mwiko fulani ulivunjwa nyumbani. Mshauri asiyejua eneo anaandika kwamba mteja ana imani potofu zisizo za kawaida, na msimamizi wa mbali anaanza kuuliza habari za ugonjwa mkubwa wa akili. Haya, swali la kwanza la msimamizi liwe: watu wa boma lake wanakubaliana naye? Imani inayoshirikiwa na ukoo mzima haiwekwi kapu moja na wazo la mtu mmoja linalowashangaza hata jamaa zake. Swali la pili ndilo la haraka zaidi: bado anameza dawa za VVU, au amezisimamisha akisubiri manyasi, dawa ya kienyeji ya kuondoa chira? Unaweza kuiheshimu chira na kuhesabu vidonge siku hiyo hiyo.

NyarKondele

Hapo kwa vidonge nimekuelewa kabisa, ndugu yangu. Nyongeza fupi kwa wanaosimamia washauri wa kupima VVU. Kazi yao ina usimamizi wa aina mbili na huchanganywa. Mmoja ni wa ubora wa kipimo: vitendanishi, tarehe za kuisha, rejista, kumwangalia mtu akitoboa kidole. Mwingine ni wa yule aliyewapa watu 4 majibu mazito asubuhi moja na wa 5 yuko mlangoni. Orodha ya kukagua kipimo haina kisanduku cha huyo. Mkitembelea kituo, fungeni rejista kwanza, ndipo mwulize.

MwalimuSection58

JaNyalenda amenisahihisha bila kunitaja na ninakubali. Nilitaka kuandika kwamba rekodi ndiyo mfalme. Rekodi pamoja na safu tatu.

Kuhusu rekodi yenyewe: simu ya mshauri ni mahali pabaya pa kuiweka. Picha na sauti hujinakili zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni, mtoto anaazima simu acheze gemu, simu inaibwa stendi. Kinasa sauti kidogo kisichoingia mtandaoni ni bora. Idhini ya mteja iwe kwa maandishi na itaje mambo manne: nani atasikia, kwa sababu gani, itafutwa lini, na kwamba akikataa huduma haipungui. Mwulize tena mwisho wa kikao, maana aliyekubali mwanzoni hakujua atasema nini. Kamwe usitume kesi kwa kikundi cha WhatsApp, hata bila jina. "Mama wa duka karibu na kanisa, mume polisi" hilo ni jina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na uvujaji wenye hatari ya kumdhuru mhusika unaripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

MtuWaBungoma

Mimi natofautiana kidogo na hii habari ya mmoja kwa mmoja. Kaunti nyingi za huku msimamizi aliyefunzwa ni mmoja kwa washauri 20. Vikundi ndiyo njia. Mbona hamvitaji?

AfisaWaUstawi

Vikundi ni vizuri, ila piga hesabu. Dakika 90 kwa watu 6 ni dakika 15 kila mtu, na katika dakika 15 hakuna kesi inayofunguliwa ikafungwa. BACP, chama cha washauri cha Uingereza, kinawataka wanachama waliothibitishwa wapate angalau saa moja na nusu ya usimamizi kwa mwezi. Si sheria yetu, lakini ni kipimo cha kujilinganisha nacho, na mtu wa kikundi cha 6 kinachokutana mara moja kwa mwezi hakikaribii.

Basi msigawe dakika sawa. Chukueni kesi 2 kwa kikao, dakika 35 kila moja, na dakika 20 zinazobaki ziwe za hatari na mipango. Mleta kesi azungumze dakika 7 bila kukatizwa. Dakika 5 za maswali ya ukweli tu: umri, vikao vingapi, anaishi na nani. Kisha asogeze kiti nyuma kidogo na anyamaze. Kikundi kiongee dakika 15 kama hayupo: kila mmoja anahisi nini akimfikiria mteja huyu, nani katika kesi hajatajwa, tunamwogopa nani. Ushauri ni marufuku. Mleta kesi arudi kwa dakika 8 aseme kilichomgusa na atakachojaribu. Mpango huu una damu ya vikundi vya Michael Balint, aliyeanza kuketi na madaktari mjini London miaka ya 1950.

Kinachoharibika ni kilekile kila mahali. Dakika ya 3 mtu anasema "mimi ningekuwa wewe…" na kikundi kizima kinageuka mkutano wa wazee wa ukoo. Msimamizi akatize papo hapo: "Geuza ushauri huo uwe swali." Atachukiwa vikao viwili, cha tatu watakatizana wenyewe.

Kikundi kisizidi watu sita. Na kabla kesi haijafunguliwa, mleta kesi ataje mtaa na kazi ya mteja, kisha aulize kama kuna anayehisi anamfahamu. Huku magharibi sote ni jamaa, kanisa moja, chama kimoja. Anayemfahamu atoke nje kwa dakika hizo 35, bila maelezo.

MtuWaBungoma

Hilo la kutoka nje hatujawahi kulifanya. Tutaanza.

Mwanagenzi_Maseno

Na ikitokea hatari katikati ya mwezi? Mteja amejaza PHQ-9, dodoso la maswali 9 la dalili za sonona, jumla ni 7, fomu inasema dalili ni hafifu. Lakini swali la 9 ameweka 1.

MwalimuSection58

Kabla ya yote: kama mteja huyo yupo sasa hivi, funga jukwaa hili umpigie msimamizi wako. Kama ni mfano, endelea kusoma.

Mtego uko kwenye jumla. Swali la 9 ndilo linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru, na jibu lolote lisilo 0 linasimama peke yake. Jumla ikiwa 3, ikiwa 20, swali la 9 linafuatiliwa kabla mteja hajainuka kitini. Uliza kwa maneno wazi, "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kisha: ana njia gani akilini, njia hiyo iko karibu kiasi gani, amewahi kujaribu, nani yuko nyumbani usiku wa leo.

Huku kwetu swali la njia lina majina ya kawaida: dawa ya kunyunyizia nyanya, dawa ya kupe, kamba ya ng'ombe. Msimamizi akipigiwa simu, asiishie kwa "umemwambia asifanye hivyo?" Aulize: dawa iko chumba gani, ufunguo uko kwa nani, mteja amekubali ihamishwe kwa nani na saa ngapi, na mshauri atahakikishaje imehama. Karatasi ya kuahidi kutojiua haimzuii mtu, inampunguzia mshauri wasiwasi tu. Mpango wa usalama wa Stanley na Brown una hatua 6: dalili za onyo, ninachoweza kufanya peke yangu, watu na mahali pa kunisahaulisha, wa kuniomba msaada, wataalamu, na kuondoa njia za kujidhuru. Uandikwe kwa lugha ya mteja, mwandiko wake kama anaweza, aondoke nao. Akiwa na nia na njia, au akishindwa kukubaliana nawe juu ya usiku wa leo, haendi nyumbani peke yake. Anasindikizwa hospitali yenye huduma ya akili, na anayemsindikiza awe na jina kwenye maandishi.

Msimamizi aandike siku hiyo: saa aliyopigiwa, alichoambiwa, alichoamua, na saa ya simu ya kesho. Akipokea simu na asiandike, kesho hakuna aliyesimamia.

AfisaWaUstawi

Jambo la sheria hapo. Familia nyingi zilificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kinakinzana na Katiba. Wasimamizi, waambieni washauri wenu, maana hofu hukaa kijijini miaka mingi baada ya hukumu.

Na kwa dhuluma ya kingono, saa inahesabika. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Ya kuzuia mimba ina nafasi hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila siku. Hospitali kwanza, matibabu hayangoji polisi. Mshauri asimhoji mtoto upya kila anapofika mtu mpya: aandike maneno ya mtoto yalivyo, ayakabidhi. Namba 116 ni ya watoto, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, zote bure. Nazo ziwe ukutani, si kwenye mwongozo ndani ya kabati.

JaNyalenda

Niongeze lile fungu la tatu la Proctor, la kumrudishia mshauri nguvu, maana naona tumelifanyia vilevile tulivyolaumu mwanzoni.

Mshauri anayechoka haji akisema nimechoka. Anaanza kuchelewa kwa mteja mmoja tu. Maandishi yake yanafupika. Anamwita mteja "msumbufu." Anafurahi mteja asipotokea. Msimamizi aangalie hayo kwenye kalenda kabla ya kuuliza moyo. Dodoso la ProQOL lina maswali 30 na linatenganisha kuridhika na kazi, kuchoka na kazi, na majeraha yanayotokana na kusikiliza mateso ya wengine. Linafaa kama kianzio cha maongezi. Likifika kwenye meza ya bosi limekufa, mwaka ujao wote watajaza kwamba wana furaha.

Kuna pia mwangwi, yaani yaliyotokea kati ya mshauri na mteja yanajirudia kati ya mshauri na msimamizi. Mshauri anakuja na kesi ya mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji. Anaongea polepole, mabega chini, kila pendekezo anajibu "nimejaribu." Msimamizi anaanza kuharakisha, anamwaga ushauri, anakasirika kidogo. Simama hapo. Mshauri alimharakisha mjane vilevile, na shemeji walimharakisha kabla yake. Harold Searles, daktari wa akili wa Marekani, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1955. Wanaotumia mfumo wa macho saba wa Hawkins na Shohet watalitambua kama jicho la tano, lile linaloangalia uhusiano wa mshauri na msimamizi. Sentensi ya kusema ni nyepesi: "Naona nimeanza kukukimbiza. Mjane huyu naye anakimbizwa?" Halafu nyamaza.

Ila msimamizi asigeuke mshauri wa mshauri. Machozi yakija, yapewe nafasi, kisha uliza yanagusaje kazi na mteja huyu. Yakiwa ya msiba wake mwenyewe, apewe jina la mshauri mwingine, na kikao kirudi kwa kesi. Na baada ya maafa kama mafuriko ya Mai Mahiu Aprili 2024, msiwaketishe wahudumu wote siku ya pili wasimulie walichoona mmoja mmoja. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao hicho cha mara moja cha kusimulishana. Wapeni zamu fupi, chakula, usingizi, mtu wa kuongea naye kwa anayetaka, na muwaangalie tena wiki kadhaa baadaye.

Mwanagenzi_Maseno

Asanteni sana. La mwisho, naomba msinicheke. Msimamizi akitaka tutie sahihi kwamba tumefanya jumla ya saa 10 za usimamizi, na tumekaa saa 4 tu?

NyarKondele

Hakuna wa kukucheka. Usitie sahihi. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ni ya 2014, usajili unaenda kwa bodi, na karatasi ya uongo ina sahihi mbili, yako na yake. Mwandikie leo, kwa heshima, ujumbe mfupi: "Mwalimu, kwa daftari langu tumekutana tarehe hizi, jumla saa 4. Naomba tupange 6 zilizobaki, naweza Jumanne au Alhamisi." Ambatisha tarehe. Mara nyingi atapanga. Asipojibu kwa wiki mbili, peleka ujumbe huo huo kwa mratibu wa mafunzo chuoni, bila kuongeza neno la lawama.